Video za Mtandaoni Katika Darasa la Kiswahili: Tathmini ya Tulichofanya na Tulichokosea

Utangulizi

Shule za Uganda zilifungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Katika kipindi hicho walimu wengi, nasi tukiwemo, tulijifunza kufundisha kwa simu na kompyuta kwa sababu njia nyingine haikuwepo. Tuliporudi darasani tulirudi na mazoea mapya. Mwalimu ambaye zamani alibeba chaki na kitabu sasa anabeba kompyuta ndogo na waya wa projekta, na akikosa la kusema anabonyeza kitufe, video inaanza kutiririka kutoka mtandaoni, darasa linatulia.

Makala haya hayana nia ya kuipinga video. Tumeitumia kwa miaka kadhaa na tutaendelea kuitumia. Nia yetu ni kuhakiki namna tunavyoitumia katika kufundisha Kiswahili hapa Uganda, na katika lawama tutakazotoa sisi wenyewe tuwe wa kwanza kwenye orodha. Swali linalotuongoza ni moja: baada ya skrini kuzimwa, mwanafunzi anabaki na nini mdomoni? Tunaona kuwa walimu wengi wa lugha hatujiulizi swali hili, kwa kuwa utulivu wa darasa linalotazama picha unafanana sana na utulivu wa darasa linalojifunza.

Kwa nini tuliikimbilia video

Ni vyema tuanze na sababu zilizotufanya tuipende nyenzo hii, maana zilikuwa sababu za kweli.

Mwanafunzi wa Kiswahili wa Zanzibar au Tanga akitoka darasani anakutana na Kiswahili mlangoni. Mwanafunzi wetu wa Kampala akitoka darasani anakutana na Kiganda, Kiingereza, na lugha ya kwao. Wapo wachache wenye bahati, kama wale wanaotoka Arua, ambako Kiswahili husikika sokoni, au Bombo, ambako jamii ya Wanubi imekikumbatia kwa miaka mingi. Lakini kwa walio wengi sauti ya Kiswahili ni sauti ya mhadhiri wao peke yake. Isitoshe, historia yetu iliwafanya wazee wengi wakihusishe Kiswahili na askari na vizuizi vya barabarani. Sheria imebadilika: marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hata hivyo, uamuzi wa serikali hauwezi kumpa mwanafunzi jirani wa kuzungumza naye.

Video ilitupa jirani huyo. Kwa mara ya kwanza wanafunzi wetu waliwaona watu wakigombana kwa Kiswahili, wakibembelezana, wakipunguziana bei, wakiomba radhi. Waliona mikono na macho, mambo ambayo mazungumzo ya kitabuni hayawezi kuyaonyesha.

Kuna pia suala la matamshi. Kiganda hakitofautishi sauti r na l kama Kiswahili kinavyofanya, hivyo mwanafunzi wetu husema “habali” na anapokusudia kupiga kura hupiga “kula”. Sauti th, dh na gh nazo humpa taabu. Thamani ya nyumba hugeuka samani za nyumba, na dhana hugeuka zana. Mhadhiri ambaye naye amelelewa katika lugha hizohizo, kama sisi, hawezi kuwa kielelezo pekee cha matamshi. Kumsikiliza msemaji wa pwani mara kwa mara ni dawa, na video inaileta dawa hiyo hadi darasani.

Kosa letu la kwanza: maandishi chini ya picha

Tamthilia tuliyoanza nayo ni Siri ya Mtungi, iliyoanza kuonyeshwa Tanzania mwaka 2012. Ni hadithi ya Cheche, mpiga picha wa Bagamoyo, pamoja na familia yake na watu wa mji wake. Ilitengenezwa kwa lengo pia la kuelimisha umma kuhusu VVU, lakini haihubiri. Inawaachia watu waishi na kukosea mbele ya mtazamaji. Kiswahili chake ni cha watu wa kawaida, si cha redio. Tuliona tumepata hazina.

Tulionyesha sehemu nzima bila kusimamisha. Wanafunzi wa mwaka wa pili walicheka pale panapochekesha na kunyamaza pale panapohuzunisha. Walipotoka walituomba tuwaonyeshe sehemu inayofuata. Tulitoka pale tumejawa na fahari, na juma lililofuata tulifanya vilevile, na juma la tatu tukafanya vilevile.

Juma la nne tuliwapa jaribio dogo. Tuliwataka waandike maneno matano au misemo mitano mipya waliyoisikia, na waeleze ilisemwa na nani na katika hali gani. Wengi waliweza kusimulia kisa kwa ukamilifu, nani alimsaliti nani na kwa nini. Maneno ya Kiswahili hawakuwa nayo. Mmoja wao aliandika kwa uaminifu ambao tunamshukuru hadi leo: “Mwalimu, nilikuwa ninasoma Kiingereza kilicho chini.”

Nakala tuliyoitumia ilikuwa na tafsiri ya Kiingereza chini ya picha, na sisi wahadhiri hatukuiona kama tatizo kwa sababu hatukuihitaji. Macho yetu yalikuwa juu kwenye nyuso, macho ya wanafunzi yalikuwa chini kwenye maandishi. Tulikuwa tumewapa saa tatu za kusoma Kiingereza huku Kiswahili kikipigwa nyuma kama muziki wa harusini.

Tulichojifunza hapo ni kwamba jicho la msomaji halivumilii kuacha maandishi anayoyaelewa. Mwanafunzi akiwa na lugha mbili mbele yake, moja rahisi na nyingine ngumu, atachukua rahisi, na hilo si uvivu bali ni akili ya kawaida ya binadamu. Tangu siku hiyo tunabandika ukanda wa karatasi ya manila ukutani, sehemu ya chini ambapo projekta inatupa maandishi. Wanafunzi walilalamika sana siku ya kwanza. Malalamiko yale yalitolewa kwa Kiswahili, jambo ambalo halikuwa limetokea katika majuma matatu yaliyotangulia.

Video zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wengine

Kundi la pili la video ambalo limejaa mtandaoni ni masomo ya “jifunze Kiswahili”. Mwanafunzi akitafuta kwa simu yake, haya ndiyo atakayoyapata kwanza. Baadhi yameandaliwa kwa ustadi. Tatizo lake ni kwamba hayakuandaliwa kwa ajili yetu. Mtazamaji aliyekusudiwa ni mgeni anayezungumza Kiingereza, mara nyingi mtalii anayekwenda mbugani au mtu aliyeoa au kuolewa Afrika Mashariki.

Mgeni huyo anahitaji kuelezwa kwa mshangao kwamba nomino za Kiswahili zimegawanyika katika ngeli, na kwamba kitenzi, kivumishi na kiwakilishi vyote vinafuata nomino. Mwanafunzi wetu anayezungumza Kiganda, Kinyankole au Kisoga amezaliwa ndani ya ngeli. Anasema omuntu na abantu tangu utotoni. Mtu na watu havimshangazi hata kidogo. Ukimweka mbele ya somo la dakika ishirini linalomfafanulia ajabu hiyo, umempotezea muda, na mbaya zaidi umemfundisha aitazame lugha ya jirani yake kwa macho ya mgeni.

Anachohitaji ni kinyume chake. Anahitaji kuonywa pale ambapo ujirani wa lugha hizi unamdanganya. Kwa Kiganda okuwa ni kupa, kwa Kiswahili kuwa ni jambo jingine kabisa. Okuwona ni kupona, na mwanafunzi akisikia kuona anaweza kudhani kuna mgonjwa aliyepata nafuu. Hatujaona somo la mtandaoni linaloshughulikia mambo haya ipasavyo kwa mwanafunzi wa Uganda. Kazi hiyo ni ya mwalimu aliye hapa, na itaendelea kuwa yake.

Aidha, masomo hayo hupenda sana “jambo” na “hakuna matata”. Mwanafunzi wetu mmoja alikwenda Dar es Salaam kwa ziara ya masomo, akamsalimia mzee mwenyeji kwa “jambo!” Mzee alimjibu kwa Kiingereza. Mwanafunzi alirudi ameumia, maana alikwenda kutafuta Kiswahili akafungiwa mlango kwa neno lililomtambulisha kuwa mtalii. Neno moja, shikamoo, lingemwingiza ndani.

Kwa haki tuseme pia kwamba zipo kazi za mtandaoni zilizotengenezwa kwa ajili ya Waafrika Mashariki wenyewe. Katuni za Ubongo Kids, zilizoanza Tanzania mwaka 2014, zinafundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo na visa kwa Kiswahili chepesi. Wanafunzi wetu wanaojiandaa kufundisha shule za msingi wamenufaika nazo, kwa sababu humo Kiswahili ndicho chombo cha kumwelewesha mtoto jambo jingine.

Kiswahili kipi?

Mtandao hauchagui lahaja. Ukifungua video kumi mfululizo unaweza kupita Unguja, Mombasa, Nairobi, Bukavu na Dar es Salaam bila kuinuka kitini. Baadhi ya wenzetu wanaona hili ni balaa, na wanataka wanafunzi waonyeshwe Kiswahili sanifu tu, ikiwezekana taarifa ya habari peke yake. Tunaielewa hofu yao. Tumesahihisha insha zenye “niko na gari” na “kuja hapa”, na tunajua zilikotoka.

Hata hivyo, hatukubaliani na dawa wanayoipendekeza. Msomaji wa habari hasalimii mtu, haulizwi swali, hakatizwi maneno. Mwanafunzi anayejifunza kwa taarifa ya habari pekee atazungumza na mama mkwe wake kana kwamba anatangaza mafuriko.

Sisi tumeona faida katika kulinganisha. Tunachukua kipande cha Vioja Mahakamani, kichekesho cha siku nyingi cha televisheni ya taifa ya Kenya, ambamo washtakiwa na mashahidi huzungumza kila mmoja kwa lafudhi ya kwao mbele ya hakimu. Kipande kimoja kinatosha kuonyesha mambo mawili. Kwanza ni rejesta ya mahakama: mshtakiwa, shahidi, kukana shtaka, kuahirisha kesi. Pili ni umbali kati ya Kiswahili cha hakimu na cha mshtakiwa. Tunawataka wanafunzi wachukue maneno ya mshtakiwa na kuyaandika kwa Kiswahili sanifu, kisha waeleze ni nini kimepotea katika kuyasanifisha. Mara nyingi kinachopotea ni kicheko, na mjadala wa kwa nini kicheko kimepotea ni somo zuri la isimujamii.

Lililo muhimu ni mwalimu ataje. Aseme: hapa tumesikia “niko na”, inasemwa sana Kenya na hapa kwetu, katika mtihani na katika barua rasmi andika “nina”. Video isiyotajwa lahaja yake inamwacha mwanafunzi aokote kila kitu kama mtu aokotaye maembe gizani.

Filamu si riwaya

Kwa upande wa fasihi tuna onyo fupi. Mwaka 2021 Amil Shivji aliitoa filamu ya Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Ni jambo la kujivunia, na habari za Yasmin anayeikimbia ndoa asiyoitaka na Denge anayepigania uhuru Zanzibar zimewafikia watu ambao wasingeifungua riwaya. Lakini katika semina zetu wamejitokeza wanafunzi waliotazama vionjo vya filamu mtandaoni, vya dakika mbili au tatu, wakaja kuijadili riwaya. Waliweza kusema juu ya rangi na muziki. Walipoulizwa juu ya lugha ya msimulizi walinyamaza. Tunawashauri walimu wa fasihi waweke utaratibu: riwaya kwanza, kisha filamu, kisha swali la kulinganisha. Utaratibu ukigeuzwa, kitabu hakifunguliwi tena.

Gharama isiyosemwa

Tukimwambia mwanafunzi “katazame nyumbani”, tumemtuma sokoni bila kumpa pesa. Saa moja ya video inaweza kumeza megabaiti 300 hadi 700 kutegemea ubora wa picha. Toka Julai 2021 bando la intaneti nchini Uganda limetozwa ushuru wa asilimia 12, ulioingia mahali pa ile kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza mwaka 2018 kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii. Mwanafunzi anayelipiwa ada na mzazi mwenye shamba la kahawa hutazama kidogo, kwa picha yenye ukungu, au anamwomba mwenzake amsimulie. Kisha tunampa alama ndogo kuliko yule mwenye intaneti nyumbani, nasi tunadhani tumepima Kiswahili.

Kwa sababu hiyo tumeacha kutoa kazi ya nyumbani inayohitaji kutiririsha video. Kinachotazamwa kinatazamwa darasani, kwa mtandao wa chuo au kwa kipande kilichohifadhiwa mapema kwa njia ambayo mwenye kazi ameiruhusu. Kumbi zetu hukumbwa na mtandao unaokatika na umeme unaozimika. Kusubiri kiduara kinachozunguka kwenye skrini kumeshakula vipindi vingi, na mwalimu aliyekuja na video peke yake bila somo mbadala huaibika mbele ya wanafunzi wake. Sisi tumeaibika mara mbili.

Somo kutoka kibanda cha video

Njia ya kutoka katika makosa haya tuliipata mahali ambapo hatukutarajia. Wasomaji wetu wa Kampala wanavijua vibanda vya video, ambako filamu za Marekani, India na China huonyeshwa huku mfasiri, anayeitwa VJ, akizisimulia kwa Kiganda. VJ Jingo alijipatia jina kubwa kwa kazi hii. Tanzania ilikuwa na Lufufu, aliyezisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na Kenya ina DJ Afro. Wasomi wengi huwadharau watu hawa, wakisema kwamba wanapotosha filamu.

Tuwatazame kama walimu. VJ haiachi filamu iongee peke yake. Anapunguza sauti yake, anaingia, anaeleza huyu ni nani na kwa nini amekasirika, anatania, anaufananisha mji wa mbali na Katwe au Kisenyi, kisha anawauliza watazamaji wanadhani nini kitatokea. Watazamaji humjibu kwa sauti. Kibanda kizima kinaongea. Kijana ambaye hakufika mbali shuleni anatoka pale akiwa ameelewa kisa na amekizungumzia.

Sasa linganisha na darasa letu la Siri ya Mtungi, ambamo mhadhiri mwenye shahada ya uzamili alikaa nyuma na kungojea video imalize. Kati ya VJ na mhadhiri yule, nani alikuwa anafundisha? Jibu lilituuma, lakini lilitufaa.

Namna tunavyofanya sasa

Tunaeleza utaratibu wetu wa sasa ili wenzetu waujaribu na kuukosoa. Kipande hakizidi dakika tatu, na kipindi kizima cha dakika hamsini kinakizunguka.

Kwanza tunakionyesha bila sauti. Wanafunzi wanasema, kwa Kiswahili, wanachodhani: hawa ni nani kwa wenzao, nani mkubwa, nani ana shida, nani ataanza kusalimia. Hapo hakuna anayeweza kujificha nyuma ya tafsiri.

Pili tunakionyesha kwa sauti, ukanda wa karatasi ukiwa mahali pake, na tunasimamisha kabla ya kila jibu. Mtu amebisha hodi, ataambiwa nini? Amesema shikamoo, mkubwa atajibu nini, na baada ya marahaba atauliza nini? Wanafunzi wanakisia, kisha tunaendelea na kulinganisha. Kukisia ndiko kunakofundisha. Mwanafunzi aliyekisia “asante” na kusikia “starehe” au “haya, nashukuru” hatasahau, kwa sababu amekosea mwenyewe mbele ya mlango wa jibu.

Tatu tunajadili jambo moja la utamaduni. Katika kipande kimoja binti anamsalimia mzee akiwa amesimama. Mwanafunzi mmoja Mganda aliuliza kwa mshangao kwa nini hapigi magoti, maana kwao heshima ya binti iko magotini. Mwanafunzi kutoka Arua alimjibu kwamba heshima imo katika neno shikamoo lenyewe na katika sauti iliyoshushwa. Mwingine akauliza kama mtu anaweza kusema shikamoo kwa dharau. Majibizano yaliendelea kwa dakika ishirini, kwa Kiswahili, na sisi tulisema machache sana.

Nne, na hii ndiyo hatua tusiyokubali kuiruka, tunazima projekta. Wanafunzi wanaigiza hali ileile kwa wahusika waliobadilishwa: badala ya mjukuu na babu, mwanafunzi na mhasibu wa chuo, badala ya mgeni na mwenyeji, mteja na muuza nyama ambaye mizani yake ina mashaka. Hapo ndipo tunapotoa alama. Kwa hesabu hiyo, skrini imefanya kazi kwa dakika kama kumi tukijumlisha marudio, na midomo ya wanafunzi imefanya kazi kwa muda uliobaki.

Kuna wenzetu wanaosema kwamba tunawanyima wanafunzi wingi wa lugha. Kwamba vijana wengi wa Kampala wamejua Kiswahili chao chote kwa Bongo Fleva na filamu, bila mwalimu kusimamisha chochote. Hoja hiyo ina ukweli, na hatumzuii mwanafunzi kutazama kwa starehe yake. Lakini tuwasikilize vijana hao kwa makini. Wanaweza kuimba ubeti mzima, na hawawezi kuuliza njia ya kwenda hospitali. Wingi wa kusikia unafaa pale tu mtu anapolazimika kujibu, na skrini haimlazimishi mtu kujibu.

Simu kutoka mazoezi ya kufundisha

Tungeweza kuishia hapo, lakini jambo lililotufanya tuandike makala haya lilitokea nje ya ukumbi wetu. Mwanafunzi wetu mmoja, mzuri kwa kila kipimo, alipangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule ya sekondari ya kijijini. Juma la kwanza alitupigia simu.

“Shikamoo, mwalimu. Huku umeme hakuna. Wanafunzi ni wengi na vitabu ni vinne. Masomo yangu yote nimeyapanga kwa video. Nifundishe nini?”

Tulinyamaza kwa muda. Kijana huyu alikuwa amefuata mfano wetu. Miaka mitatu alituona tukiingia darasani na projekta, na alihitimisha, kwa haki kabisa, kwamba kufundisha Kiswahili ni kuwa na projekta. Hatukuwahi kumwonyesha somo lolote lisilohitaji soketi.

Tulimuuliza kama anakikumbuka kipande cha binti na mzee. Alikikumbuka chote. Tukamwambia: basi wewe ndiwe video. Waite wanafunzi wawili mbele, wanong'oneze maneno, waache waigize, na uwasimamishe kabla ya kila jibu ili darasa likisie.

Tulipokwenda kumkagua baadaye tulimkuta chini ya mwembe, wanafunzi wakiwa wamezunguka, wasichana wawili katikati wakiwa mgeni na mwenyeji. Kila mmoja alipofika penye jibu, mwalimu aliinua mkono, na darasa zima lilipiga kelele likikisia. Matamshi hayakuwa ya Bagamoyo. “Habali” zilikuwepo za kutosha. Lakini hapakuwa na mtoto aliyenyamaza, na hatukumbuki kipindi chetu chochote chenye projekta kilichofikia hapo.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba video ya mtandaoni ni msaada mkubwa kwa mwanafunzi wa Kiswahili anayeishi mbali na wasemaji wake, na kwamba msaada huo hupotea mara tu mwalimu anapoiachia video kazi yake. Tafsiri ya Kiingereza chini ya picha, masomo yaliyotungwa kwa ajili ya watalii, lahaja zisizotajwa, filamu inayochukua nafasi ya kitabu, na bando analolipia maskini, yote ni matawi ya kosa hilo moja.

Kwa kuwa Kiswahili kinatakiwa sasa kiingie katika kila shule ya Uganda, wengi wa wanafunzi wetu watakwenda kufundisha mahali ambapo mtandao haufiki au unafika kwa shida. Tunapendekeza kwa idara yetu, na kwa idara nyingine zilizo katika hali kama yetu, kwamba kila mwanafunzi wa ualimu akipangiwa somo la video, atakiwe pia kulifundisha somo hilohilo projekta ikiwa imezimwa, na akaguliwe mara zote mbili. Anayeweza la pili atalimudu la kwanza. Anayeweza la kwanza tu bado hajawa tayari kukabidhiwa darasa, na lawama ya hilo itaturudia sisi tuliomfundisha.